Rick DiPietro na mkataba wa miaka 15: nani alimpunja nani?

Klabu ya hoki ya barafu ya New York Islanders inamlipa Rick DiPietro dola milioni 1.5 kila mwaka, na itaendelea hadi 2029. Kipa huyo aliichezea mara ya mwisho mwaka 2013. Kila malipo hayo yanapotajwa, wapo mashabiki wanaomwita kupe. Naona wanamwonea, ingawa hasira yao ina msingi.

Mwaka 2000 Islanders walikuwa na haki ya kuchagua wa kwanza miongoni mwa vijana wanaoingia ligi ya NHL. Wakamchukua DiPietro, na ili apate nafasi wakamtoa kipa wao mwingine kijana, Roberto Luongo, akaenda Florida. Luongo aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki mwaka 2022, na shabiki wa Islanders ana haki ya kuumia akikumbuka hilo. Kisha Septemba 2006 mmiliki wa klabu, Charles Wang, akampa DiPietro mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 67.5, yaani milioni 4.5 kila msimu bila kupanda wala kushuka.

Misimu miwili ya kwanza ya mkataba huo alidaka mechi 62, kisha 63. Baada ya hapo mwili ukakataa. Nyonga, magoti, mtikisiko wa ubongo; Februari 2011 alivunjika mifupa ya uso alipopigana na kipa wa Pittsburgh. Katika misimu mitano baada ya ile miwili ya kwanza alicheza mechi 50 tu kwa jumla. Anayelipa kiingilio uwanjani akiona sehemu ya fungu la mishahara inakwenda kwa mtu aliye kwenye kitanda cha tiba, wakati timu yake iko mkiani, hawezi kuambiwa anyamaze.

Lakini tuuangalie mkataba wenyewe. Klabu haikutoa sadaka. Mwaka 2006 NHL ilikuwa imeanza tu kuweka kikomo cha mishahara kwa kila timu, na kikomo cha msimu ule kilikuwa dola milioni 44. Kufikia msimu wa 2013/14 kilikuwa milioni 64.3. Kipa namba moja anayebaki kwenye milioni 4.5 huku wenzake wakipandishiwa mishahara angekuwa bei poa sana. Wang alinunua uhakika wa bei ya kesho, na DiPietro akaachia uwezekano wa kudai zaidi baadaye ili apate uhakika wa kipato. Kila upande ulibeba hatari. Angekuwa mzima hadi leo, tungekuwa tunajadili jinsi klabu ilivyompunja.

Tena mkataba wake ulikuwa msafi. Mwaka 2010 klabu ya New Jersey ilimpa mshambuliaji Ilya Kovalchuk mkataba wa miaka 17 wa dola milioni 102, huku miaka ya mwishoni akilipwa dola 550,000 tu kwa mwaka ili wastani wa kila mwaka, ambao ndio huhesabiwa kwenye kikomo, ushuke na kikomo kikwepwe. Ligi iliukataa. Wa DiPietro haukuwa na hila ya namna hiyo.

Yalipofika majira ya joto ya 2013, makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yaliruhusu timu kuvunja mikataba bila gharama hiyo kuhesabiwa kwenye kikomo. Islanders wakaitumia nafasi hiyo. Zilikuwa zimebaki dola milioni 36. Sheria ikampa theluthi mbili, milioni 24, zigawanywe kwa miaka 16. Kwa hiyo alipoteza milioni 12, jambo ambalo wanaomsema hawaligusi. Mara nyingi hulinganishwa na Bobby Bonilla wa besiboli, anayelipwa na New York Mets hadi 2035. Ulinganisho huo haufai: Bonilla alicheleweshewa fedha zake kwa riba ya asilimia 8, ilhali DiPietro hana riba. Dola milioni 1.5 atakazopata mwisho zitanunua vitu vichache kuliko zile za 2013.

Kinachonikera zaidi ni funzo ambalo wamiliki walichukua. Makubaliano yale ya 2013 yaliweka ukomo wa mikataba: miaka 8 kwa mchezaji anayebaki klabuni kwake, 7 kwa anayehama. Ligi ilieleza kuwa ni kulinda usawa wa timu, na kwa mikataba ya hila kama ule wa Kovalchuk nakubali. Ila ukomo huo unamlinda pia tajiri dhidi ya uamuzi wake mwenyewe, na gharama anaibeba kijana mwenye goti bovu ambaye angependa kupunguza bei yake leo ili apate miaka kumi na mitano ya utulivu. Kijana huyo hakuulizwa.