Kabla ya kujenga juu ya Kikuyu, tujue maji yanaingilia wapi

Ukitembea juu ya majani ya kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu karibu na Nairobi, ardhi hutikisika chini ya miguu kama godoro, kwa sababu unakanyaga mizizi iliyoelea juu ya maji. Hapo ndipo Mto Nairobi unapoanzia. Si mbali na hapo, chemchemi za Kikuyu ndizo zilizoupa mji wa Nairobi maji yake ya bomba mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ulikuwa bado kambi ya reli yenye mahema na mabati.

Mzee mmoja anayemwagilia sukuma wiki kandokando ya kinamasi aliniambia bila kusita, "Haya maji ni ya Naivasha, kijana wangu. Yanapita chini kwa chini." Nako Uthiru, mwenye ploti ninakopanga huwaambia wapangaji wapya kwamba maji ya kisima chake ni theluji ya Mlima Kenya. Wote wawili wanazungumza kwa moyo safi, na swali wanalojibu si dogo tena. Mashamba ya juu ya Kikuyu na Limuru yanageuka fleti na maghala, na kila jengo jipya linataka kisima chake. Wako wanaosema kusiwe na kibali cha kujenga wala kuchimba kabla haijajulikana maji ya chemchemi yanaingilia wapi. Wako wanaojibu kwamba utafiti huo ni wa gharama na wa polepole, na chemchemi itakauka tukiwa bado tunasubiri karatasi ya maabara.

Tuanze na mzee. Uso wa Ziwa Naivasha uko mita 1,885 hivi juu ya bahari. Ondiri iko karibu mita 2,000. Maji hayapandi mlima yenyewe, kwa hiyo Naivasha haiwezi kulisha Ondiri. Lakini mzee hakukosea yote. Ziwa lile halina mto unaotoka, na bado maji yake ni matamu. Lingekuwa halina tundu, jua la Bonde la Ufa lingelifanya la magadi kama Nakuru na Elmenteita. Linavuja chini kwa chini, na alama ya maji yake imeonekana upande wa kusini, kuelekea Olkaria na Longonot. Yaani aliyosikia kwa wakubwa wake kuhusu ziwa linalovuja ni kweli, ila mwelekeo ndio si wenyewe.

Hadithi ya mwenye ploti inahitaji kupimwa kwa njia nyingine, maana kwa urefu peke yake haianguki: Mlima Kenya una mita 5,199. Kinachoiangusha ni jinsi mawe yalivyolala. Matabaka ya volkeno yaliyo chini ya Nairobi yameinama kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kuteremka mashariki kuelekea Athi, na maji hufuata mwinamo huo. Kati yetu na mlima ule kuna mabonde ya Chania, Thika na Maragua yanayokata nchi na kuyachukua maji kuelekea Tana. Theluji yenyewe imebaki vipande vidogo visivyoweza kujaza visima vya mji. Maji yetu, kwa sehemu kubwa, ni mvua iliyonyesha juu ya Ngong, Kikuyu na Limuru.

Nchi ya volkeno huficha njia za maji kuliko nchi nyingine, na ushahidi uko kwenye kuta za nyumba zetu. Mawe ya kuchonga tunayojengea Nairobi mengi ni jivu la volkeno lililogandamana. Mtazame fundi kabla hajalipanga jiwe: hulimwagia maji kwanza, na jiwe huyanywa hadi linabadilika rangi, kwani likiwekwa kavu litanyonya maji ya saruji. Sasa weka jiwe la aina hiyo juu, lava ngumu yenye nyufa chini yake, kisha udongo wa ziwa la kale, kisha lava tena. Maji huzama kwenye nyufa, hukutana na tabaka lisilopitika, huteleza juu yake, na kutokea ubavuni mwa bonde mahali ambapo huenda hakuna mvua yoyote ya kuyaeleza.

Ushahidi mzito wa wanaotaka utafiti kwanza uko Tsavo. Mzima ni chemchemi inayobubujika katikati ya nchi kavu, na bomba lake linanywesha Mombasa. Maji yale ni mvua ya vilima vya Chyulu, kilomita 50 hivi kutoka hapo, vilima vya jivu na lava visivyo na hata mto mmoja juu yake. Hukadiriwa kuwa tone linaweza kukaa chini ya ardhi miaka 25 kabla ya kuiona Mzima. Fikiria mtu angeilinda Mzima kwa ua na askari, huku msitu wa Chyulu ukichomwa makaa. Angekuwa amelinda mdomo wa bomba na kuacha tangi. Anayekata mti leo hataona matokeo. Atayaona mwanawe, mjini Mombasa.

Na njia za kufuatilia zipo. Mvua inayonyesha juu zaidi huwa na oksijeni nzito, aina adimu ya oksijeni yenye uzito zaidi, iliyo chache kidogo kuliko ile ya mvua ya chini, kwa hiyo maji ya chemchemi hubeba alama ya kimo cha mahali yaliponyesha. Maji yaliyokaa ziwani na kupigwa na jua huwa na alama yake tofauti, na hivyo ndivyo uvujaji wa Naivasha ulivyothibitishwa. Floraidi nayo husaidia: maji yanayokaa sana ndani ya mawe yetu huikusanya, na ndiyo maana visima virefu vingi vya Nairobi huwa nayo kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto huwa ya kahawia.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja ambazo sioni haki kuzipuuza. Vipimo hivi mara nyingi hutoa jibu la mchanganyiko: sehemu ya mvua ya karibu, sehemu ya mbali. Tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi inayotumika kukadiria umri wa maji, iliyosambazwa hasa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 na inayopungua nusu kila miaka 12 hivi, ilikuwa haba huku kwetu karibu na ikweta, na sasa alama yake imefifia. Rangi ya kumwagwa shimoni na kusubiriwa chemchemini hufaa penye nyufa pana; kwenye jivu ungeisubiri miaka.

Hoja yao inayonigusa zaidi ni ya haki. Ukichora ramani ya mahali maji yanapoingilia, utakuwa umechora shamba la mtu. Mkulima wa Limuru mwenye ekari moja ya majani chai ataambiwa asijenge, asichimbe choo, ili sisi wa chini tunywe. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji ni ya wananchi, yakiwa mikononi mwa serikali kuu kwa niaba yao. Lakini shamba ni lake. Ramani isiyokuja na fidia ni kumnyang'anya.

Hata hivyo nasimama upande wa wanaotaka kujua kwanza, ila kwa mpangilio mwingine. Mamlaka ya Rasilimali za Maji tayari hudai ripoti ya mtaalamu kabla ya kisima kuchimbwa. Gharama ya kupima alama za maji iongezwe hapo, kwa anayetaka kuchimba, wala isimfikie mkulima. Na wakati majibu yanasubiriwa, msitu na vinamasi vya juu vilindwe kana kwamba ndivyo tangi, kwa kuwa kosa la kulinda kupita kiasi hurekebishika, na la kufunika kwa zege halirekebishiki.

Kuna kipimo pia kisichohitaji maabara. Mtungi wa lita 20 chini ya mfereji wa chemchemi, na saa ya simu. Nimejaribu na mzee wa Ondiri kwenye kijito kimoja: sekunde 31 mtungi kujaa. Ukipima kila wiki na kuandika mvua pembeni, utaona kama chemchemi hupanda wiki mbili baada ya mvua au miezi sita. Hapa pana mtego mmoja: chemchemi inaweza kupanda haraka huku maji yenyewe yakiwa ya zamani, kama mpira wa kumwagilia uliojaa, ukifungua bomba, maji yanayotoka kwanza ni yale yaliyokuwa yamelala ndani. Kwa hiyo kipimo cha mtungi kinaonyesha jinsi chemchemi inavyoitikia mvua. Umri wa maji bado ni kazi ya maabara. Mzee amechukua daftari la mjukuu wake kuandikia. Mvua za vuli zikianza Oktoba, tutakuwa na wiki kumi na moja za kiangazi za kulinganisha nazo.