Mboga kustahimili sumu si sifa

Wateja wengi wa mboga Dar es Salaam hupima mchicha kwa macho: jani pana, kijani kimekolea, basi fungu linatiwa kikapuni. Kwa mchicha uliomwagiliwa maji ya Mto Msimbazi, kipimo hicho hakikusaidii kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za kandokando ya mto huo na Mto Sinza, ukakuta humo metali mbili zenye sumu, risasi na kadimiamu. (Wakulima siwalaumu, maji mengine wangeyatoa wapi?)

Mmea hauna kazi na kadimiamu. Huingia kwa kudandia njia ambazo mizizi hupitishia chuma, zinki na manganisi, na ikishafika ndani hung'ang'ania protini za seli na kuzivuruga. Kinachonishangaza ni utayari wa mmea. Kimeng'enya cha kujihami kimo tayari ndani ya seli, kimetulia, na kinachokiamsha ni metali yenyewe. Kimeng'enya hicho huchukua glutationi, molekuli ndogo yenye salfa, kikaunganisha vipande vyake kuwa mnyororo uitwao fitokelatini. Salfa ya mnyororo huo huikamata kadimiamu, kisha pampu zilizo kwenye utando husukuma furushi zima ndani ya vakuoli, ile stoo ya seli.

Seli imepona, jani linanawiri, na kadimiamu imo humohumo. Kwa mchicha, sehemu kubwa ya stoo hizo ziko kwenye majani tunayokula. Kuosha kutaondoa vumbi la barabarani tu, na moto wa jikoni hauunguzi metali. Ikishaingia mwilini hukaa kwenye figo kwa miaka 10 na zaidi. Watu wa Toyama, Japani, waliokula mpunga uliomwagiliwa maji ya Mto Jinzu yenye taka za mgodi, waliishia kuvunjika mifupa. Mwaka 1968 serikali yao ikakiri rasmi kwamba chanzo ni kadimiamu.

Mpunga una jeni iitwayo OsHMA3, ambayo huifungia kadimiamu kwenye vakuoli za mizizi. Aina ambazo jeni hiyo imeharibika huipandisha hadi kwenye punje.

Kwa hiyo mtu akiniletea mbegu ya mboga ya majani "inayostahimili udongo mchafu", nitamuuliza kwanza: sumu inaiweka wapi? Ikiwa ni mizizini, tuzungumze. Ikiwa ni majanini, akaipande kusafishia udongo, na mavuno yake yasifike sokoni.