Miti haifyonzi sumu yote, ila ipandwe tu

Kila ikitoka habari ya ardhi iliyoharibiwa na mgodi lazima atokee mtu aseme si wapande miti tu, itafyonza sumu yote udongo urudi kama zamani. Mimi miti naipenda sana lakini hii kauli inanikera, maana aliyechafua anapata pa kutokea, anagawa miche anapiga picha basi yameisha.

Chukua Lubumbashi, mji wa migodi ulioko Katanga, kusini mwa Kongo (DRC). Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911 enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, baadaye kikawa cha Gécamines, shirika la serikali, na miaka nenda rudi upepo wa kusini mashariki ulikuwa unausukuma moshi wake upande mmoja, gesi ya salfa na vumbi lenye metali kama shaba, risasi, zinki, kadmiamu, kobalti, vyote vinaangukia kaskazini magharibi ya kiwanda. Misitu ya miombo ya huko ikaisha, mingine ilikatwa mkaa mingine ikauawa na moshi wenyewe, halafu mvua ikala udongo wa juu pakabaki peupe.

Mtaa wa Penga Penga uko upande huohuo na pale miti ilijaribiwa. Sasa sikiliza inavyofanyika, huwezi kuchomeka mche kwenye udongo ule ukaondoka, shaba inaua mizizi ikiwa bado michanga. Unachimba shimo kubwa, unachanganya mboji na chokaa ndio unapanda. Chokaa inapunguza asidi, mboji inaishika shaba isiyeyuke kwenye maji yanayofika kwenye mzizi. Yaani shaba haijaenda popote, ipo palepale, imebanwa tu.

Na huko kubanwa tu si faida ndogo hata kidogo! Sumu ya pale haikai ardhini ikatulia, inapanda na vumbi kiangazi, inaingia ndani, inakaa kwenye sahani na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa, kisha vinaenda mdomoni. Utafiti uliotoka 2009 ulipima mkojo wa watu wa Katanga, kobalti ikakutwa juu sana hasa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mti ukishika, mizizi inaushikilia udongo na majani yanaufunika, vumbi linapungua. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kupanda.

Kuna miti inayovuta kweli, Ulaya wanatumia mierebi kuvuta kadmiamu, ila kadmiamu hiyo inapanda hadi kwenye majani, yakidondoka usipoyaondoa imerudi juu ya udongo tena. Na risasi hata haisogei, nyingi inaishia kwenye mizizi. Kwa hiyo anayekuahidi miaka mitano udongo safi anakudanganya, na ukiona mtu anapanda miembe ya kula sehemu kama hiyo mkatazeni mpaka matunda yapimwe.

Halafu mahali nako kunatofautiana. Uwanda mkubwa mtupu kama ule wa Lubumbashi huwezi kuuchimba wote, hapo miti ndiyo yenyewe. Lakini mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi katikati ya nyumba za watu, mahakama 2020 iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Pale watoto wanacheza juu ya udongo huohuo, miche sitaki hata kuisikia, uchimbwe uondolewe na wapimwe damu, na gharama alipe aliyechafua.