Msomaji wa somo anatafutwa mlangoni

Pentekoste ni Jumapili hii, na nina hakika hakuna aliyeambiwa atasoma somo la Biblia ibadani. Usharikani kwetu hapa Moshi, Jumamosi ina kila kitu: kwaya inafanya mazoezi hadi giza, akina mama wanadeki, kitambaa chekundu cha madhabahuni kinapigwa pasi. Msomaji? Anashikwa mkono mlangoni asubuhi, matope ya masika bado viatuni: "Dada, utatusaidia somo la pili."

Mwaka jana alishikwa binti wa kipaimara. Matendo ya Mitume sura ya 2! Waparthi, Wamedi, Waelami, Kapadokia, Frigia, Pamfilia. Niliona kidole chake kikitetemeka juu ya mstari. Alipokwama kwenye Pamfilia watu wakacheka, naye akarudi kukaa bila kumalizia. Iliniuma, na bado inaniuma, maana huyo mtoto anasoma vizuri sana akipewa muda.

Na masomo yamo kwenye kalenda ya kanisa tangu mwaka uanze! Wazee wetu, nawaomba, mpigieni mtu simu Alhamisi. Hata Ijumaa jioni, akitoka sokoni Kiborloni, atapata nafasi ya kuyasoma kwa sauti nyumbani.