Paki ya teksi kwenye turubai: watu wako wapi?

Ukiitazama Old Taxi Park, kituo cha teksi za Kampala (yaani mabasi madogo ya abiria), kutoka ghorofa za jirani, watu si kitu cha kwanza kuonekana. Macho hupokewa na mapaa meupe ya teksi yaliyobanana, miraba ya buluu ubavuni mwake, na miavuli ya wachuuzi iliyojipenyeza kila palipobaki upenyo. Mchoraji wa sanaa dhahania, ile inayotumia maumbo na rangi badala ya kuchora vitu kama vilivyo, hana la kubuni hapo.

Lakini akishaigeuza paki hiyo kuwa mistari na miraba, huulizwa: watu wako wapi? Kondakta anayenadi safari ya Ntinda na mchukuzi wa soko la Owino mwenye robota la mitumba kichwani wote wamekuwa doa la rangi. Lawama hiyo ina uzito, hasa katika jiji ambalo polisi waliwahi kuufunga uwanja wa Constitutional Square ili watu wasikusanyike kisiasa. Kuufuta umati kwenye picha si jambo dogo.

Hata hivyo, kuchora sura hakutoshi kumheshimu mtu. Picha za sokoni zinazouzwa kwa watalii zimejaa watu, wanawake wenye vikapu hasa, na hakuna hata mmoja unayeweza kusema ana haraka au ana deni. Mchoro dhahania ukifanywa vizuri unaweza kuonyesha kile ambacho picha hizo hukikosa: msongamano wenye utaratibu wake, kila gari likijua zamu yake.

Mimi huwapima wachoraji hawa kwa msanii wa Uganda aitwaye Sanaa Gateja. Kazi zake nyingi hazina sura ya mtu. Ni shanga za karatasi chakavu, zilizoviringishwa moja moja na kushonwa juu ya kitambaa cha gome la mti wa mutuba, nyingi zikipita mikononi mwa wanawake wa vikundi alivyovifundisha. Umati umo ndani ya kazi yenyewe. Uguse uzito wake, utaamini.

Kwa hiyo udhahania siulaumu. Ninacholaumu ni umbali: paki inachorwa, kisha picha inaishia sebuleni kwa mtu asiyepanda teksi. KLA ART, tamasha la sanaa la Kampala, lilikwishaonyesha njia nyingine. Mwaka 2012 liliweka sanaa ndani ya makontena sehemu mbalimbali za jiji, na mwaka 2014 likazipamba bodaboda zikawa sanaa inayotembea. Magaleri ya Kampala yanayouza picha za paki na masoko yanapaswa kuzitundika huko kwanza, wenye paki wazione na wazikosoe kabla ya mnunuzi.