Diski Kongwe Huchagua Nyumba ya Kuingia

Hivi diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya wa USB, ikizeeka nani huifundisha maringo? Ukiichomeka kwenye kompyuta hii inafunguka kwa heshima zote, mafaili yote yamo. Ukiihamishia ya pili inapepesa kitaa tu, kama mgeni aliyeitwa ndani akang'ang'ania kizingitini. Na hapakosi mjuaji wa kusema, "Ifomati tu," yaani ifute uanze upya. Huyo muogope kuliko virusi.

Mara nyingi ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 kikanuni hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Sasa diski ya inchi 2.5 ikianza kuzungusha sahani zake huweza kudai karibu ampea nzima, yaani miliampea 1000, kwa sekunde chache. Kompyuta karimu huipa bila kuhesabu. Bahili huipa kilichoandikwa, basi. Weka kiganja juu ya kasha: mvumo ukipanda, ukakatika, ukaanza upya, hiyo imelala njaa. Achana na matundu ya mbele ya kompyuta ya mezani, chomeka nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mama. Au tumia habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB, yenye adapta yake ya umeme. Habu isiyo na adapta ni kugawana sahani moja ya wali watu saba.

Halafu waya! Watu wanaushuku mwisho, ilhali ndio wa kubadilishwa kwanza. Ule wa kichwa kipana chenye sehemu mbili hulegea hadi ukipumua karibu yake unakatika. Na waya wa kuchajia tu hauna njia za data. Hata ukiubembeleza mpaka asubuhi.

Mvumo uko sawa lakini hakuna kitu? Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc, itafunguka orodha ya diski. Pengine diski ipo, imekosa herufi yake tu, kama E: au F:, ipe. Ikiwa ilitayarishwa kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, Windows haijui lugha hiyo, itaomba kuifomati. Kataa. Ikiomba "Initialize", yaani kuiandaa kama diski mpya, kataa pia. Hizi kompyuta bwana, kitu wasichokielewa dawa yake kufuta!

Ikionekana hata kwenye kompyuta moja, nakili hapo hapo, ya muhimu kwanza. Chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, isubiri, maana huisugua diski mgonjwa na kuandika juu yake. Ndipo usome SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea: kipimo C5 kikiwa juu ya sifuri, kuna sekta zisizosomeka, C7 kikizidi kupanda, shuku muunganisho wa diski ndani ya kasha. Ikigonga tak-tak-tak, zima. Na usiitie friji, jamani, si samaki. Unyevu utaganda juu ya sahani.

Sasa maliza kunakili uone. Laptopu ile ile iliyokataa wiki nzima itaifungua mara moja, bila hata kuulizwa.