Slaidi inayopita kabla hujaisoma

Aliyewahi kukaa kwenye kongamano la madaktari, liwe la Arusha au la Moshi, anaijua slaidi hii. Mtoa mada ametaja jina na cheo chake, kisha linatokea tamko la maslahi: majina ya kampuni za dawa zilizomlipa au kumfadhili, kwa herufi ndogo ndogo. Kabla hujamaliza jina la kwanza, limeshapita, na dawa inayozungumziwa imejaa ukutani.

Wapo wanaoona tamko la namna hiyo halina faida, na wana hoja nzito. Mwaka 2005 watafiti Cain, Loewenstein na Moore walichapisha majaribio ambamo watu walikadiria thamani ya sarafu zilizomo kwenye mtungi kwa kusaidiwa na washauri. Washauri waliolipwa zaidi pale makadirio yalipokuwa ya juu walitia chumvi zaidi baada ya maslahi yao kutangazwa, na waliowasikiliza hawakuupunguzia ushauri ule uzito wa kutosha. Kukiri kuliwapa ruhusa. Sijaweza kuipuuza hoja hii.

Hata hivyo, kunyamaza ni kubaya zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuta kwamba madaktari waliopokea hata mlo mmoja wa chini ya dola 20 waliandika zaidi dawa ya kampuni iliyowalisha. Hilo halithibitishi kwamba chakula ndicho kilichoisukuma kalamu, maana huenda kampuni huwafuata walioipenda dawa tangu mwanzo. Lakini takwimu hizo zilipatikana kwa sababu sheria ya huko ya mwaka 2010 inazilazimu kampuni kuweka wazi malipo yao. Na mgonjwa wa kisukari kule Rombo, anayenunua dawa kwa fedha za mfukoni mwake, ndiye atakayelipa gharama ya pendekezo lililotoka ukumbini.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba slaidi ile huchanganya mambo mawili. Fedha za utafiti zinazoingia kwenye akaunti ya taasisi, zikakaguliwa, si sawa na posho, nauli na hoteli ya mzungumzaji. Daktari aliyeshiriki kuijaribu dawa mara nyingi ndiye anayeijua kwa undani, na majaribio hayafanyiki bila mfadhili. Kumweka kapu moja na aliyelipwa kuja kuisifu ni kumwonea, na ndiyo maana wengi hulichukulia tamko kama kukiri kosa, wakalipitisha mbiombio.

Basi mwenyekiti wa kikao alisome kwa sauti: nani alilipa, alilipia nini, lini, na kama ndiye mtengenezaji wa dawa ya leo. Aliyelipwa aeleze matokeo ya majaribio. Sehemu ya kusema mgonjwa aanzishiwe dawa gani apewe mwingine. Kwenye fani zenye mabingwa wachache huyo mwingine hatapatikana kila mara. Hapo muda wa maswali uongezwe, na swali la kwanza liwe la bei.